Thelathini Februari

"Mashine yako imegeuka nyekundu, mwanangu. Nimekosa nini?"

Fundi wa kompyuta akainama juu ya bega la mama yake. Ukurasa huo wa kuombea nafasi ya upasuaji wa macho aliutengeneza mwenyewe, akajisifu mtaa mzima kwamba hauwezi kudanganywa. Sasa ulikuwa umeandika kwa adabu zote: "Tarehe hii ya kuzaliwa haipo. Tafadhali sahihisha."

Akachukua kitambulisho cha mama. Kimechakaa pembeni, lakini muhuri wa serikali bado umekolea, na tarehe inasomeka vizuri: 30 Februari.

"Mama, Februari haijafika thelathini tangu dunia iumbwe."

"Mwaka ule ilifika. Nilikuwepo."

"Basi tuandike tarehe moja Machi."

"Halafu hospitalini waseme kitambulisho si changu, wanirudishe na mtoto wangu wa jicho? Nipofuke kwa ajili ya kalenda?"

Fundi akakuna kichwa. Akibadilisha tarehe, mama hayumo kwenye kitambulisho. Akiiacha, mama hayumo duniani. Ujanja wake wote ukavuja kama maji kwenye pakacha.

Mwishowe akaufungua ukurasa kwa ndani, akafuta lile neno "sahihisha". Mahali pake akaandika: "Tarehe hii hatuifahamu. Je, ndivyo ilivyo kwenye kitambulisho chako?" Chini akaweka vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

"Haya, mama. Bonyeza Ndiyo."

Mama akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Kidole chake kikaelea hewani, kikienda huku, kikirudi kule.

"Ndiyo ni kipi katika hivi vinne?"