Goti la Temo

Sheria ilikuwa fupi: kisiwa kilichozama kitabaki nchi maadamu wachezaji wake saba wa raga wamesimama kwa miguu yao wenyewe kipenga kikilia. Motulei ilibakiwa na wachezaji saba tu, Temo akiwa mmoja wao, goti limevimba kama papai.

"Limepona, mama," alidanganya asubuhi, akikandwa kwa mafuta ya nazi.

"Limepona wapi! Hilo goti ndilo pasipoti yangu. Kushinda waachie wenye nchi kavu, mwanangu. Wewe simama tu."

Uwanjani walipiga magoti kuimba tenzi, kama desturi yao tukufu ilivyotaka. Hakuna aliyekumbuka kumkataza Temo. Baada ya amina, sita waliinuka. Temo alijaribu; goti likakataa.

Mwamuzi, kipenga mdomoni, alianza kuhesabu.

Jukwaani mama yake alikuwa ameshasimama, mikono juu, kana kwamba angehesabiwa yeye.