Ng'ombe wa Kwanza

Delmar Kuhlmann aliigonga kengele ya hospitali mara tatu, kama ilivyo desturi kwa anayemaliza matibabu ya mionzi. Kisha akaikodolea macho, akaigonga tena, na tena, mpaka wauguzi wakaziba masikio huku wakicheka.

"Basi mzee, utatuvunjia!" alisema mmoja wao.

Mkewe, Ardith, alimshika mkono akamwondoa, machozi yakimtoka. Wiki saba si mchezo. Siku thelathini na tano za kubanwa kitandani kwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake mwenyewe, na kila baada ya wiki tatu dripu ya ile dawa kali.

Saratani ilikuwa imeshatoka kooni ikaingia kwenye tezi za shingo. Daktari wa kwanza alitaka kukitoa kikoromeo chote. Delmar akagoma. Miaka arobaini alikuwa akinadi ng'ombe, Nebraska yote inamjua, na bila sauti heri wamzike tu.

"Basi tutachanganya," alisema daktari wa pili. "Mionzi na dawa kwa pamoja. Lakini dripu zote tatu, mzee. Ukishindwa katikati, tunarudi kwenye kisu."

Dripu ya pili ilimnyoosha. Alitapika ndani ya pikapu, akatapika mlangoni pa hospitali. Kabla ya ile ya tatu muuguzi akaja na fomu yake.

"Unatapika sana? Vidole vinakufa ganzi? Masikio yanavuma?"

Delmar alitikisa kichwa kukataa kwa kila swali, uso mkavu.

"Mwongo mkubwa wewe," Ardith alimwambia mumewe mara muuguzi alipotoka, maana shati lilikuwa bado linanuka matapishi. Lakini hakumchongea. Na yeye aliitaka ile sauti, aliitaka mno.

Tangu wiki ya tano koo lilikuwa kidonda kitupu. Delmar alikula kwa mrija wa tumboni, na akakatazwa kutoa hata mnong'ono mpaka atakapopigwa picha za mwisho. Akaanza kuongea kwa kibao cha chaki. Ardith akamwonea huruma. Ili asijione peke yake, naye akanunua chake. Wakawa wanataniana mezani kwa maandishi.

UMEVAA SOKSI ZA JANA, aliandika mke.

NA WEWE UMEUNGUZA MAYAI, alijibu mume.

Nyumba nzima ikanyamaza, ikabaki mikwaruzo ya chaki tu. Ardith alikuja kuupenda ukimya ule.

Miezi mitatu baadaye picha zikatoka. Daktari alimweleza Ardith, naye akamwandikia Delmar kwa herufi kubwa: SAFI.

Jumanne iliyofuata ukumbi wa mnada ulijaa mpaka mlangoni. Delmar alipanda jukwaani amekonda, kofia imemzidi kichwa. Akaweka vidole viwili kooni, akafungua mdomo.

Sauti ikatoka! Ilikuwa imeparara kidogo, lakini ni yenyewe, ile ile inayokwenda mbio bila kuvuta pumzi. Wanaume wazima walilia. Ardith aliangusha kibao chake chini na hakukiokota.

Hapo Delmar akaanza na mchezo wake wa miaka yote. Ng'ombe wa kwanza wa siku humnadi amefumba macho, akifuata sauti ya rafiki yake Orrin tu, ambaye huzunguka chini na kupiga ukelele kila mnunuzi anapoinua mkono.

Mtamba mwekundu akaingizwa. Delmar akafumba macho, akataja bei.

"Hap!" alipaza Orrin. "Hap! Hap!"

Mikono iliinuka kila upande. Watu walisimama, wakashangilia, wakapiga miluzi, wengine wakiliita jina lake.

Delmar alirudia bei ile ile. Akasubiri. Akairudia tena, macho bado ameyafumba, na tabasamu likaanza kumpotea usoni.

"Jamani," akasema, "ni mimi, nimerudi. Mbona mmenyamaza hivyo?"