Ngazi ya Mzee Kombo

Orodha ya mishahara ya wakubwa wa halmashauri ilibandikwa juu kabisa ukutani mwa ofisi yao, karibu na dari, pasiposomeka hata kwa miwani. Mara mbili Mzee Kombo, fundi rangi, alijaribu kuisoma akarudi nyumbani shingo ikimuuma. Mara ya tatu alikuja na ngazi yake begani.

"Ngazi haziruhusiwi humu," alisema mlinzi.

"Na hiyo karatasi ilipandaje, iliota mabawa?"

"Sheria inasema ibandikwe, mzee. Haikusema wapi."

Mzee Kombo alichoka kusikia sheria. Aliegemeza ngazi ukutani, akapanda huku akingoja kuvutwa shati. Ngazi ikayumba, kisha ikatulia ghafla. Chini, mlinzi alikuwa ameishika kwa mikono miwili, macho mlangoni.

"Soma kwa sauti," alinong'ona. "Anza na mkurugenzi."