Pindo la Vidole Viwili

Haya nimeyapata jana alasiri kwa binti yangu, fundi cherehani, amekumbatia sare ya shule utadhani kichanga.

Mjukuu wangu ana uti wa mgongo uliopinda. Bega la kulia liko juu, basi kila gauni humpanda upande huo, na wenzake humwita Mshazari. Mama yake alikuwa na dawa: upande wa kulia huuacha mrefu zaidi kwa vidole viwili, pindo likae sawa.

Mwaka mzima mtoto amefanya mazoezi aliyopangiwa hospitalini, ya mgongo wake yeye tu. Kila siku hulalia ubavu, taulo limekunjwa chini ya mbavu, anavuta pumzi kujaza upande uliobonyea. Sisi tulikuwa tunaomba Mungu tu.

Jana akajaribu sare mpya. Pindo likaning'inia kulia.

"Ole wangu, nimeharibu kitambaa!" mama akashika kichwa. "Hebu simama sawa!"

"Nimesimama sawa, mama. Si ndiyo kazi niliyokuwa nafanya?"

Mama akapiga magoti, akapima kwa vidole. Kimoja kilizidi. Akapima tena. Kimoja.

Akafumua pindo lote huku anacheka na machozi yanamtoka. Alipomgeukia mtoto ajaribu tena, Mshazari wetu alishapitiwa na usingizi juu ya taulo lake.

"Kidole kizima, mama," binti yangu akaniambia, ameegemea ukuta. "Kidole..."

Nikangoja amalizie. Kumbe naye kalala, na kile kidole bado kimesimama.