Kioo cha Chumba cha Nyuma

King'ora cha kiwanda kilikuwa hakijalia, na Hortense alikuwa ameshafuta kioo cha chumba cha nyuma mara tatu. Maji yalirudi tu. Yalijikusanya juu, yakashuka mistari mistari mpaka kwenye mbao, na kitambaa chake kikawa chepechepe.

Kwa majirani, chumba hicho kilikuwa ghala la mahindi, kina kufuli kwa nje. Ndani, chini ya blanketi mbili, alilala Cyrille, mwanawe wa pekee.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka ule wa vita vya Kolwezi, na baridi ya Likasi ilikuwa ya kung'ata masikio. Cyrille alikuwa fundi umeme huko Kolwezi. Alirudi kwa miguu, siku tisa porini akikwepa barabara, kwa sababu mtu alimtaja kwamba aliwapa waasi maji ya kunywa. Aliwapa kweli. Nani angemnyima maji mtu mwenye bunduki? Lakini waliotajwa hivyo walikuwa wakichukuliwa, na hakuna mama aliyerudishiwa hata shati. Hortense alikuwa amemzika mume, mtoto hamtoi. Kaka yake Édouard, mvuvi wa ziwa Tshangalele, alikuwa ametuma neno: mwisho wa mwezi angekuja na baiskeli yake ya samaki, amtoroshe kijana mpaka ziwani. Kazi ya Hortense ilikuwa kumficha hadi siku hiyo, basi.

Aliyemfumbua macho kuhusu kioo alikuwa bwana mmoja mpole, aliyepita avenue nzima nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akisema ametumwa na kampuni, mwenye nyumba zote za mtaa huo, kukagua madirisha. Maji ya baridi, alieleza, yanaozesha mbao na kubandua rangi. Akafundisha taratibu kama katekista: dirisha liachwe wazi kiasi cha kiganja, nguo zisianikwe ndani, mbabula, lile jiko la makaa, iwashwe nje, kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu, na sahani ya chumvi iwekwe dirishani inyonye unyevu. Enzi zile majina ya ubatizo yalikuwa marufuku, lakini yeye alimwambia amwite Stanislas tu, kama marehemu mama yake alivyomwita. Kwa neno hilo Hortense akamwekea chai.

Alipokuwa akinywa, aliutazama mvuke kwenye kioo cha sebuleni.

"Hii maji ni pumzi, mama," alisema polepole. "Pumzi ya bantu. Chumba yenye hakuna muntu analala ndani, kioo yake inabakia kavu."

Hortense aliinuka akamwongezea chai. Huyu anajua, alijiambia, na ananionya bila kutaja. Kumbe Mungu ana watu wake hata maofisini. Alipomsindikiza mlangoni alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Toka siku hiyo hakulegea. Chumvi yote iliishia dirishani, bukari, ugali wao, ikaliwa na mboga chapwa. Mbabula ilihamia uani, naye akapika huku vidole vimekufa ganzi. Dirisha la nyuma likabaki wazi kiganja kizima usiku kucha, pazia likiwa limeshushwa, na Cyrille akikohoa mdomo ndani ya mto ili asisikike. Aliomba lifungwe usiku mmoja tu. Hortense alikataa, kisha akaenda kulia jikoni, maana hakuna mama anayependa kumnyima mtoto wake joto.

Aliyemtia hofu ni Henriette, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyepitwa na jambo. Madirisha ya Henriette yalitiririka tangu mwezi wa sita na mbao zake zimeota ukungu mweusi, wala hakujali. Asubuhi moja alimkuta Hortense uani, kitambaa mkononi.

"Mama Cyrille, tangu lini weye unasikia huruma ya mbao ya kampuni?"

Hortense alicheka kicheko cha meno. Jioni akampelekea nyanya, na kesho yake tena nyanya, kwa kuwa mdomo ule aliuogopa kuliko bunduki.

Tarehe ishirini na nne kioo kiliamka kikavu. Alikipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kidole kikatoka kikavu. Cyrille naye akakipitisha chake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. Zilikuwa zimebaki siku saba. Siku hiyo Hortense alifua shuka za hospitali, kazi yake ya kila siku, akiimba wimbo wa kanisani, hata wenzake wakamuuliza ana habari gani njema.

Kulipopambazuka kesho yake, jeep ilisimama mwanzo wa avenue. Askari hawakugonga mlango wowote. Walipita nyumba moja baada ya nyingine, wakazunguka moja kwa moja hadi nyuma kwa Hortense, wakavunja kufuli kwa kitako cha bunduki. Walimtoa Cyrille peku, blanketi likiburuzika nyuma yake.

Hortense aligeuka amrarue Henriette. Lakini Henriette alikuwa mlangoni kwake, mikono kichwani, analia kama aliyefiwa.

Ndipo alipomwona Stanislas, amekaa mbele ndani ya jeep. Alimkimbilia kama mtu anavyomkimbilia ndugu yake.

"Waambie, baba!" alisema, akimvuta mkono wa koti. "Waambie hakuna muntu alikuwa analala mule. Kioo ni kavu. Kuya uguse."

"Najua ni kavu, mama," alijibu, kwa upole uleule. "Nilifundisha avenue yote. Ni weye peke yako ulifanya."