Nafasi ya Mama Kunguru

Bi Tunu alikaa kiti cha nyuma kabisa dukani, ushungi ameuvuta hadi mdomoni, akiwasikiliza watu wazima wakibishana kuhusu wanasesere. Mwenye duka alikuwa akitengeneza seti ya wahusika wa kipindi cha redio walichokipenda utotoni, na kwenye sanduku ilibaki nafasi moja tu.

"Mama Kunguru ndiye aliyekitia kipindi utamu," alisema mwanamke mmoja.

"Nilikuwa nakojoa kitandani kwa kumwogopa!" akafoka jamaa mwenye ndevu. "Simtaki nyumbani kwangu."

Wengine walicheka. Sauti ya Mama Kunguru redioni ilikuwa yake. Zamani, kila alipofungua mdomo sokoni, watoto walitimua mbio, na siku moja mama zao walimrushia mawe. Tangu hapo, mbele ya wageni alisema kwa kunong'ona.

"Na wewe, bibi?" mwenye duka akamwuliza. "Aingie au asiingie?"

Alitaka kutikisa kichwa tu, aondoke zake. Lakini pale mezani mwanasesere wa Mama Kunguru alikuwa amelazwa kifudifudi, kando ya wenzake waliosimamishwa, na roho ikamuuma.

"Mwingizeni," alisema, kwa sauti yake yote.

Kiti kikaanguka. Yule mwenye ndevu alikuwa amesimama, macho yamemtoka, amemshika mkono jirani asiyemjua. Kisha akamwachia, akaanza kumsogelea Bi Tunu polepole, akitabasamu kama mtoto.