Njia ya Kwenda Kanisani

Gwenda, mhudumu wa nyumba ya nyaraka, alimpokonya Enid ile kalamu ya wino mkononi, kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Bi Wragby, penseli. Humu ndani ni penseli tu."

"Kwani kitabu kitakufa?" Enid Wragby alifoka, kisha akaona haya, maana binti wa watu alikuwa anafanya kazi yake. Akachukua penseli, akajaza tena kikaratasi cha kuombea kitabu: Enid Wragby, Nyumba ya Pell, kijiji cha Aldersby. Kilikuwa kikaratasi cha arobaini na moja.

Miezi mitano! Miezi mitano ya kupanda basi hadi mjini, kwenye hii nyumba ya nyaraka isiyofunguliwa Jumatatu na inayofungwa watu wakinywa chai. Kumbukumbu za baraza la mwinyi wa zamani, mwenye ardhi yote ya kijiji, ziliandikwa Kilatini. Vitabu vya parokia vilikuwa kwa Kiingereza, lakini kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Kimoja kililiwa na panya. Kingine kililetwa, kumbe ni cha Aldersby nyingine kabisa. Ubatizo, ndoa, maziko, nguruwe wa fulani kaingia kwenye kabichi za fulani. Njia, hakuna.

Kisa chote kilikuwa uzio wa jirani yake, Harbottle. Wilf, mume wa Enid, alizikwa kanisani, ng'ambo ya shamba la Harbottle. Miaka mitatu Enid alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma, anakata shamba, dakika saba tu yuko kaburini na maua yake. Ulipofika mwezi wa tatu mwaka huu, Harbottle akaweka uzio kwa ajili ya kondoo wake. Sasa ilibidi azunguke barabara kuu, maili mbili, malori yakimpigia honi, na goti lenyewe ndilo hilo. Wiki nyingine hakwenda kabisa, na wiki hizo hakulala vizuri.

Harbottle hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe jikoni, kofia mkononi.

"Jirani, nitakukatia kageti. Ufunguo uwe wako peke yako. Yaishe."

"Sitaki hisani yako, Cuthbert. Nataka haki! Ile ni njia ya kanisa, ya watu wote. Na sheria ya nchi hii unaijua: njia ikishakuwa ya umma haifi. Ipite miaka mia tatu bila kukanyagwa, mtu aweke juu yake kitu gani sijui, bado ni njia."

"Basi lete karatasi," Harbottle alisema, akainua kola ya koti lake. "Na ufunge mlango mmoja. Jikoni kwako kuna upepo, loo!"

Upepo huo ulikuwepo tangu siku walipohamia Nyumba ya Pell. Wilf alikuwa akiulalamikia kila asubuhi, huku akikunja gazeti na kuliweka chini ya mguu wa meza, maana mawe ya sakafu yalikuwa yamelika katikati na meza haikutulia hata siku moja.

Kitabu cha arobaini na moja kililetwa saa kumi kasorobo. Gwenda alikilaza juu ya mto, akafunua taratibu, huku Enid akigonga meza kwa kidole. Kwenye ukurasa wa tisini na mbili, Gwenda akaweka kidole.

"Bi Wragby. Hebu sogea." Akasoma polepole, neno kwa neno. "'Juma la Kupaa, mwaka 1716. Mimi kasisi, pamoja na watu wa parokia, tumeitembea njia ya kanisa mguu kwa mguu, kama desturi yetu ya kila mwaka, ili isipotee. Tumetoka mlango wa kanisa, tumekata shamba la chini...'"

"Shamba la chini!" Enid aliruka, goti na yote. "Ndilo hilohilo! Ndilo lake!" Machozi yakamtoka mbele ya watu, na wala hakujali.

"Inaendelea ukurasa wa nyuma," Gwenda alisema. Kengele ya kufunga ikalia. "Hutaki kusikia yote kwanza?"

"Mwanangu, nimesikia miezi mitano. Nimeshiba. Piga nakala, utie muhuri. Moja halmashauri, nyingine kwa Harbottle. Asome mwenyewe, tena ukurasa wote, asije akasema nimemficha kitu."

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, Enid alichungulia dirishani na gauni lake la kulalia, akaona shamba liko wazi. Uzio haupo! Alicheka peke yake. Akakata maua ya Wilf, akayaweka mezani kando ya yai lake na chai, akaketi kula kifungua kinywa kitamu kuliko vyote tangu awe mjane.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Harbottle, na nyuma yake chama kizima cha watembea kwa miguu, wale wanaozunguka njia za umma kwa kujifurahisha, watu ishirini hivi, fimbo mkononi, buti zikidondosha tope, na mbwa watatu.

"Uzio nimeung'oa, jirani. Kama ulivyotaka."

"Mungu akubariki, Cuthbert. Na hawa je?"

Harbottle alikunjua karatasi yenye muhuri, akafuata mistari kwa kidole. "'...tumekata shamba la chini, tukaingia mlango wa nyuma wa mjane Pell, aliyejenga nyumba yake juu ya njia, tukatoka kwa mlango wake wa mbele, kama ilivyo haki ya watu wote milele.'"

Akavua kofia.

"Hodi nimepiga kwa heshima tu, Enid. Hebu tusogezee hiyo meza."